Wachezaji wa kadi, pangeni karata ya mwisho kwanza

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wale wanaoshikilia kwamba kadi ni bahati tupu, kwamba aliyegawiwa jokari na ree amekwisha kushinda na waliobaki wanamsindikiza. Barazani na mabwenini mambo huenda kinyume. Anayeshindwa mara nyingi ndiye aliyejaziwa karata kali akazikumbatia hadi mwisho, kisha akajikuta hana ya kufungia mchezo. Kadi hupangwa kuanzia nyuma: kwanza ujue utatoka na karata gani, ndipo uamue utupe nini sasa.

Nazungumzia kadi ya Kenya, ile ambayo vijana wengine huiita poka ingawa haina undugu wowote na poka ya kamari. Tanzania wana ndugu yake, lasti kadi. Uganda wana matatu, ambako 7 maalumu hukata mchezo na wachezaji wakahesabiana pointi zilizobaki mkononi. Marekani kuna Uno, uliobuniwa mwaka 1971 na kinyozi Merle Robbins wa Ohio. Wote ni ukoo mmoja, mshindi ni anayemaliza karata kabla ya wenzake kwa kutupa zinazolingana na ya mezani kwa namba au kwa aina, lakini mbinu za mmoja hazihami zima zima kwenda kwa mwingine. Katika kadi kuna sharti moja linalobadilisha kila kitu, nalo ni kwamba huwezi kumaliza kwa karata yoyote ile.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutabaki kubishana. Pakiti ina karata 52 na jokari 2, jumla 54. Karata za jibu ni 4, 5, 6, 7, 9 na 10, nazo ziko 24. Hizo ndizo pekee zinazoruhusiwa kufunga mchezo. Zilizobaki 30 zina kazi maalumu: 2, 3 na jokari hulisha, yaani humwokotesha anayefuata karata 2, 3 au 5; 8 na malkia ni maswali yanayodai jibu la aina yake; jeki humruka mtu, mfalme hurudisha mchezo ulikotoka, na ree, ile yenye herufi A, huzuia kulishwa au huomba aina, yaani kopa, uru, maua au shupaza. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya pakiti haiwezi kukutoa. Ukigawiwa karata 4, kwa wastani za jibu zitakuwa pungufu kidogo ya 2, na karibu mara 1 katika kila migawo 12 hutapata hata moja.

Sasa mtazame mchezaji wa kawaida. Ameshika 7 ya kopa, 10 ya maua, 2 ya uru na ree. Mezani kuna 7 ya maua. Anajiambia kwamba zile kali ataziweka akiba, anatupa 7, zamu inayofuata anatupa 10, na sasa amebaki na 2 na ree. Wenzake wanamwona ana karata mbili wanaogopa bure. Hana pa kutokea: hata akiziangusha zote mbili, atabaki mikono mitupu na zamu yake ikifika ataokota. Alichopaswa kufanya ni kuiachia 7, kuificha 10, kisha kutumia ree kuomba uru, 2 ya uru imlishe jirani, na hapo hapo atamke "niko kadi", yaani atangaze kwamba zamu ijayo anafunga, huku 10 ya maua ikisubiri. Karata zile zile, mpangilio tofauti.

Kanuni yangu ya karata 4 ni hii: mbili za kutokea, moja ya kujikinga, moja ya kuvukia kwenda aina nyingine. Ukiwa na za kujikinga zaidi ya moja, ya ziada ni mzigo. Itumie katikati ya mchezo, wakati wenzako bado wana karata nyingi na wewe hujabanwa.

Za kutokea nazo hazilingani. Meza nyingi huruhusu kuangusha karata za namba moja kwa pamoja, na hapo ndipo watu hupoteza faida kubwa bila kujua. Ukibaki na 7 ya kopa peke yake, unatoka iwapo juu ya meza kuna kopa yoyote au 7 yoyote. Hizo ni karata 15 kati ya 53 usizozishika, asilimia 28. Ukibaki na 7 mbili, ya kopa na ya shupaza, zinazokufungulia mlango ni 26 kati ya 52, nusu kamili. Ukibaki na 7 tatu ni 37 kati ya 51, asilimia 73 hivi. Yaani mwenye karata tatu mkononi yuko karibu zaidi na ushindi kuliko mwenye moja! Hesabu hiyo inachukulia kwamba karata ya juu haina deni la kulishwa wala ombi la ree, lakini mwelekeo wake haubadiliki. Kwa hiyo usikimbilie kutupa jozi ya 5 au ya 9 mapema eti upunguze karata. Jozi ni ya mwisho. Zinazotangulia kwenda ni zile zilizo pekee pekee.

Ukilazimika kuangusha jozi katikati ya mchezo, angalia ipi inabaki juu. Ya kwanza lazima ilingane na meza, lakini ya mwisho ndiyo inayoweka aina kwa anayefuata, na hiyo unaichagua wewe. Iache juu aina ambayo jirani yako aliikosa zamu iliyopita, au ile unayoitaka ikurudie. Nimeona wachezaji wazuri tu wakitupa jozi kwa mpangilio ulivyokuja mkononi, kisha wanalalamika kwamba meza imewageuka.

Maswali ndiyo karata zinazodharauliwa kuliko zote. Wengi huiona 8 kama balaa kwa sababu ukiiangusha bila jibu la aina yake unaokota. Lakini swali na jibu lake huenda katika zamu moja, na swali linaweza kufuatwa na swali jingine la aina ile ile au la namba ile ile kabla ya jibu kuja. Maana yake 8 na malkia ni madaraja ya kuhama aina bila kutumia ree. Ukiwa na malkia wa uru, 8 ya uru, 8 ya maua na 4 ya maua, meza ikiwa uru unaziangusha zote nne kwa mpigo: malkia wa uru, 8 ya uru, 8 ya maua, jibu 4 ya maua. Na kwa kuwa ya mwisho ni jibu, mchezo umekwisha, mradi ulitamka niko kadi zamu iliyotangulia. Ukiwa na 4 nyingine ya aina yoyote, nayo huenda pamoja na hiyo.

Hapa pana mtego, na huwanasa hata wazoefu. Mnyororo wa maswali una mlango mmoja tu wa kuingilia. Chukua malkia wa kopa, malkia wa maua na 9 ya maua. Mtu huhesabu kwamba ana kopa na ana maua, kwa hiyo aina mbili zinamtosha. Sivyo. Jibu lake ni la maua, basi swali la mwisho lazima liwe la maua, basi la kwanza lazima liwe la kopa. Meza ikija maua, akianza na malkia wa maua na kumalizia na wa kopa, hana jibu la kopa, anaokota. Akijibu malkia wa maua moja kwa moja kwa 9, anabaki na malkia wa kopa asiyeweza kumaliza. Kabla hujatamka niko kadi kwa mnyororo, utembee kichwani kutoka mwisho hadi mwanzo, uone karata ya kwanza ni ipi. Aina ya karata hiyo ndiyo unayoihitaji mezani, si nyingine.

Faida nyingine ya mnyororo ni ya kisaikolojia. Mwenye karata 5 mkononi haogopwi. Watu wanahesabu karata, hawahesabu zamu. Ukitamka niko kadi na karata 5, nusu ya meza itadhani unatania, na hawatatumia jokari yao juu yako.

Nije kwenye ree. Ziko 4, na ya shupaza huhesabiwa kama mbili. Ree ya kawaida hufanya kazi moja kati ya mbili: kuzuia deni la kulishwa, au kuomba aina. Ya shupaza inaweza kuzuia na kuomba kwa pamoja, au ikitumika kuomba peke yake huomba karata kamili, namba na aina. Kuna mwisho mmoja wa kadi ambao hakuna uzuri unaoushinda. Umebaki na ree ya shupaza na 10 ya kopa. Unaangusha ree, unatamka niko kadi, unaomba 10 ya kopa. Hakuna mwingine aliye nayo kwa sababu iko mkononi mwako. Kila mmoja anaokota, zamu inarudi, unaiweka. Kinachoweza kukuharibia ni ree nyingine tu, kwa hiyo kabla ya kuucheza mwisho huo hesabu ree ngapi zimekwisha kupita. Zikiwa tatu zimeonekana, una uhakika. Zikiwa hazijaonekana hata moja na mko wanne au watano, yaelekea kuna mtu amekaa na moja. Subiri ikiwa unaweza.

Ree ya kawaida haina uhakika huo, na watu huitegemea kupita kiasi. Mkiwa wanne, ukiomba kopa ili utoke na kopa, watu watatu watacheza kabla ya zamu yako, na yeyote kati yao mwenye namba inayolingana ataigeuza aina. Ree ya kumalizia ina nguvu mkiwa wawili, ina nguvu kiasi mkiwa watatu, na zaidi ya hapo ni heri ungekuwa na jozi.

Je, ukilishwa, utumie ree? Si kila mara. Mchezo ukiwa bado mchanga na aliyekulisha ametumia 2, okota hizo mbili uendelee. Ree ni ghali kuliko karata mbili, na kati ya hizo mbili huenda ukapata jibu linaloungana na lako. Kwa 3, angalia hali. Kwa jokari, zuia bila kufikiria. Ukiwa na ree na pia karata ya kulisha inayokubalika, pitisha deni kwanza, yaani 2 juu ya 2, au 3 ya aina ile ile juu ya 2, na ree ibaki. Isipokuwa mkiwa wawili, maana deni unalolipitisha linaweza kukurudia na nyongeza usoni.

Hapo ndipo kanuni za meza zinapoanza kuamua mbinu. Kuna meza ambako madeni hujumlishwa: 2 ikifuatwa na 3 kisha jokari, wa mwisho anaokota 10. Kuna nyingine ambako hulipwa deni la karata ya juu tu. Kwenye meza inayojumlisha, usiachie karata yako ya mwisho ya kulisha kirahisi, kwa sababu ndiyo ngao yako, na usiwe wa kuanzisha ugomvi kama hujui ni nani ana jokari. Kwenye meza isiyojumlisha, lisha mapema upunguze uzito.

Kulisha kwenyewe watu hukutumia vibaya. Mchezaji mwenye karata 6 ukimlisha 2, umemkera tu, na umempa nafasi ya kuokota ree. Mkiwa wanne na kila mmoja amepewa karata 4, moja ikafunuliwa, fungu la kuokota lina karata 37, na zaidi ya nusu yake kwa kawaida ni karata maalumu. Unamlisha silaha. Kulisha kuna thamani kwa mtu aliyebakiwa na karata mbili au tatu zilizopangwa vizuri, kwa sababu hata akiwa na ree ya kujikingia, zamu hiyo hafungi.

Na sasa suala linaloleta ugomvi kuliko yote: mtu ametamka niko kadi, wewe ufanye nini? Jibu linategemea ameketi wapi, si una karata gani kali. Akiwa ndiye anayekufuata, mlishe. Huna cha kumlisha, badilisha aina kwa ree, na usiombe aina aliyoiacha yeye mezani, kwa sababu mchezaji makini huacha juu ile anayoitaka. Huna ree, mruke kwa jeki: zamu itawazunguka wengine wote kabla haijamfikia. Mfalme ni wa mwisho kufikiriwa. Unageuza mwelekeo, yeye anakuwa wa mwisho kucheza, lakini wewe hutapata zamu nyingine kabla yake, umewaachia wengine kazi.

Akiwa wa pili kutoka kwako, usiguse jeki! Ukimruka jirani yako, zamu inatua mikononi mwa mwenye kadi. Kosa hili hufanyika kila siku, na anayelifanya hudhani ameshambulia. Jeki mbili kwa pamoja zitawaruka wote wawili, hiyo sawa. Mkiwa watatu, mfalme naye ni sumu hapo, kwa sababu ukigeuza mwelekeo, aliyekuwa wa pili anakuwa wa kwanza. Mkiwa wanne, aliyekukabili yuko mbali sawa kila upande, mfalme habadilishi kitu ila nani acheze katikati. Katika hali hiyo unachoweza kufanya ni kumwachia jirani yako aina ambayo unajua ana karata ya kulisha, kama umekuwa ukifuatilia, na kumwamini.

Iko silaha moja ya mwisho ambayo wengi hawaijui. Kwenye meza nyingi mtu haruhusiwi kufunga mchezo ikiwa mwingine amebaki bila karata. Basi ukiwa na karata moja tu, tuseme jeki au mfalme au 2 isiyoweza kukumalizia, na mwenzako ametamka niko kadi, iangushe kwa makusudi. Hujashinda, utaokota zamu yako ikifika, lakini hakuna atakayefunga hadi hapo. Umejinunulia mzunguko mzima kwa gharama ya karata moja. Ila ulizeni kabla ya kugawa kama kanuni hiyo inatumika, kwa sababu pasipotumika umejiweka uchi.

Kufuatilia karata hakuhitaji kichwa cha kompyuta. Hakuna anayekumbuka 54. Kumbuka makundi mawili tu: ree 4 na jokari 2. Ukiweza, ongeza 3 nne. Halafu kumbuka nani aliokota kwenye aina gani. Mtu aliyeokota meza ikiwa uru hakuwa na uru wala ree zamu hiyo, na karata moja aliyookota ina nafasi ya moja kwa nne hivi kuwa uru. Zamu yako ikifika karibu, rudisha uru. Ataokota tena. Mbinu hii ya kumrudishia mtu aina aliyoikosa hupuuzwa kwa sababu haina kishindo, lakini kwa mizunguko mitatu humtoa mtu kwenye karata 3 hadi 6 bila wewe kutumia hata 2 moja. Tahadhari: meza nyingine humruhusu mtu kuokota hata kama ana karata ya kucheza, na hapo mjanja anaweza kukudanganya kwa kuokota akiwa na ree mfukoni. Fungu likiisha na karata zilizochezwa zikachangwa upya, hesabu yako ya zilizopita inaanza upya, lakini zile unazojua ziko mikononi mwa nani hazijabadilika.

Kwa wawili mchezo ni mwingine kabisa. Jeki na mfalme, kwenye meza nyingi, zote hukurudishia zamu wewe mwenyewe, kwa hiyo zinageuka kuwa karata za bure. Ziangushe moja moja. Ukiangusha wafalme wawili kwa pamoja, wa pili anafuta kazi ya wa kwanza na zamu inakwenda kwa mpinzani. Mkiwa wawili pia lisha bila huruma, kwa kuwa kila karata anayookota yeye ni pengo kati yenu wawili, hakuna wa tatu wa kufaidi.

Nimesema mara kadhaa "meza nyingi", na hilo si kukwepa. Kadi haina kitabu kimoja cha sheria, na magomvi karibu yote huzuka kwa kuanza mchezo bila kukubaliana. Kabla ya kugawa, semeni waziwazi: karata 3 au 4 kwa kila mtu, madeni yanajumlishwa au la, jokari inakaa juu ya karata yoyote au inafuata nyekundu na nyeusi, ree ya shupaza ina nguvu gani, aliyesahau kutamka niko kadi anaokota ngapi, aliyetamka akashindwa kutoka anaadhibiwa au anasamehewa. Hilo la mwisho lina uzito. Pasipo na adhabu, tamkeni niko kadi hata kwa uongo mara moja moja ili wenzenu wamalize karata zao za kulisha. Penye adhabu, nyamaza hadi uwe na mnyororo ulioutembea kichwani. Wanaocheza kwenye programu za simu nao wasome kanuni zake kwanza, kwa sababu programu haibishaniki.

Kuchanga karata nako kunaathiri mchezo kuliko watu wanavyodhani. Kwa kuwa katika kadi tunaangusha 7 juu ya 7 na kopa juu ya kopa, rundo lililochezwa linakuwa limejipanga makundi makundi. Likichangwa mara mbili haraka haraka, mgawo unaofuata unaweza kumpa mtu mmoja jokari na 3 mbili, na wote watasema ni bahati yake. Wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha mwaka 1992 kwamba pakiti ya karata 52 huhitaji mara 7 za kuchanga kwa mtindo wa kuingiza nusu moja ndani ya nyingine. Mtindo tuliouzoea wa kuchomoa kifungu na kukirudisha juu ni dhaifu mno kuliko huo. Asiyeweza kuingiza nusu kwa nusu azitandaze zote mezani kifudifudi, azikoroge kwa viganja kwa dakika nzima, ndipo azikusanye. Na karata ya kufunua ya kwanza ikiwa maalumu, irudishwe katikati ya fungu, si chini, ili mwenye macho makali asijue iliko.

Mhariri, ukurasa wako wa mafumbo una maneno mtambuka na sudoku. Ungeweza kuwapa wasomaji fumbo la kadi pia, na la kwanza ninalitoa mwenyewe. Mko watatu. Juu ya meza kuna 5 ya kopa, zamu ni yako. Mkononi una 6 ya kopa, malkia wa kopa, 8 ya kopa, 8 ya shupaza, 5 ya shupaza na 5 ya maua. Unaweza kutupa 6 peke yake. Unaweza kutupa 5 zote mbili ukaacha ya shupaza juu. Unaweza kuangusha malkia, 8 ya kopa na kujibu kwa 6. Au unaweza kuangusha malkia, 8 zote mbili, kisha 5 zote mbili, ukabaki na 6 tu. Kila moja ya njia hizo nne inakuruhusu kutamka niko kadi. Mbili zinakuachia mlango wazi na mbili zinaufunga kwa mkono wako mwenyewe. Wasomaji waseme ni zipi, na katika zile mbili za wazi, ipi wangeichagua iwapo anayefuata aliokota zamu iliyopita meza ikiwa shupaza.

Mchezaji wa kadi,
Mombasa